Puto Lilipita Juu ya Uzaramo: Faida ya Kusoma Kitabu Usichokizoea



Kila mtu ana chakula alichokizoea. Yuko ambaye asipokula ugali husema hajala. Yuko mtu wa muhogo wa nazi, na yuko mtu wa wali. Kwa vitabu ni hivyohivyo. Tangu tulipojua kusoma, kila mmoja wetu amejichagulia chake. Huyu anasoma Kurani au Biblia. Huyu anasoma vijitabu vya ufugaji wa kuku na kilimo cha mikorosho. Yule hataki kitu ila hadithi za mapenzi, na mwenzake anapenda za upelelezi. Hakuna ubaya.

Mimi ni mtu wa vitabu vya Shaaban Robert na vitabu vya historia. Zamani nikikuta kitabu kina picha ya chombo kinachokwenda mwezini, au picha ya mtu wa chuma anayesema, nilikuwa nakirudisha palepale nilipokitoa. Nilijisemea moyoni, "Haya ni mambo ya watoto. Tena ni uongo mtupu. Mtu mzima atapata faida gani?"

Siku hizi sisemi hivyo tena. Kijana mmoja jirani yangu hapa Kibaha aliniazima kitabu cha namna hiyo. Nilikipokea kwa ajili ya ujirani tu, nikakiweka. Siku moja mvua ilinifungia ndani, nikakifungua bila hamu. Nilipofika katikati nikashtuka. Mle ndani nililikuta jina la Uzaramo! Yaani nchi yetu hii, ya Kisarawe na Kibaha, imo ndani ya kitabu kilichoandikwa Ufaransa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Basi leo nataka tukizungumze kitabu hicho. Nataka pia tuone jinsi msomaji anavyoweza kufurahia kitabu asichokizoea, bila kuyameza yote yaliyomo.

KITABU CHENYEWE

Aliyekiandika anaitwa Jules Verne. Alizaliwa mwaka 1828 katika mji wa Nantes, Ufaransa, akafa mwaka 1905. Kitabu chake hiki kilitoka Januari 1863. Kwa lugha yetu jina lake lingekuwa "Majuma Matano Ndani ya Puto". Mimi nilikisoma kwa Kiingereza.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwingereza mmoja, Daktari Fergusson, anataka kuivuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Hataki kwenda kwa miguu, kwa maana anajua taabu za misafara: homa, njaa, mito na vita. Anatengeneza puto kubwa la hariri, analijaza gesi, na chini yake ananing'iniza kikapu cha kukalia watu. Anamchukua rafiki yake Kennedy, ambaye ni mwindaji, na mtumishi wake Joe.

Wanafika Zanzibar mwezi wa Aprili 1862. Watu wa Zanzibar wanakasirika. Wanaona kwamba kwenda angani ni kuwakosea heshima jua na mwezi. Inabidi puto lirushwe kutoka kisiwa kidogo cha jirani. Tarehe 18 Aprili linapaa, linavuka bahari, linatokea Kaole, karibu na Bagamoyo. Kutoka hapo linapita juu ya Uzaramo, na jioni ya siku ileile liko kwenye mlima wa Duthumi, upande wa Morogoro.

Chukua ramani, ndugu msomaji. Piga mstari kutoka Kaole mpaka Duthumi. Utaona unapita maeneo ya Mlandizi na Mto Ruvu. Mto huo, upande wa chini, watu wa zamani waliuita Kingani.

Safari inaendelea hadi Tabora, ambayo wakati ule iliitwa Kaze. Huko watu wanadhani puto ni mwezi uliowashukia. Wanalipokea kwa heshima kubwa, mpaka mwezi wa kweli unapochomoza! Hapo wageni wanaikimbilia kamba. Mbele zaidi nanga ya puto inanasa kwenye pembe za tembo, na tembo analivuta puto kama mtoto anavyovuta kigari cha mabua. Kwenye jangwa maji yanawaishia. Kwenye Ziwa Chadi puto linaanza kuzama, na Joe anajitupa ziwani ili lipate wepesi na wenzake wapone. Mwishowe, tarehe 24 Mei, wanafika Mto Senegali, puto likiwa limekwisha kabisa.

Nilipofika pale pa tembo nilicheka peke yangu. Mke wangu akauliza, "Baba, una nini?" Nikamsomea. Akaacha kuchambua mchicha, akaketi kusikiliza.

RIWAYA YA KISAYANSI NI NINI?

Huenda unajiuliza: hadithi hii ina tofauti gani na zile za bibi, za paukwa pakawa? Humo nako watu wanaruka angani. Katika Alfu Lela Ulela yupo farasi wa mti anayeruka, na yapo majini. Shaaban Robert naye, katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, ametuonyesha nchi nzima inayoelea angani. Hakuna msomaji aliyemwambia, "Wewe Shaaban, nchi haiwezi kukaa hewani." Tulielewa kwamba anazungumza habari za haki na watawala, tukaendelea kusoma.

Tofauti ni hii. Katika ngano, jini linamchukua mtu na kumpeleka mbali, na hakuna anayeuliza linarukaje. Katika riwaya ya kisayansi, mwandishi anakubali kuulizwa. Anabuni jambo moja ambalo bado halijakuwapo, kisha anajibana mwenyewe: mengine yote lazima yafuate kanuni za dunia hii. Kitu kizito kitaanguka. Maji yakiisha kiu itauma. Msomaji ana haki ya kuhoji, "Hili litawezekanaje?" na mwandishi lazima awe na jibu.

Tuangalie jibu la Verne. Puto lake limejaa haidrojeni, gesi ambayo ni nyepesi sana kuliko hewa. Mtu wa puto la gesi kwa kawaida ana njia mbili. Akitaka kupanda, anatupa mchanga aliobeba. Akitaka kushuka, anaiachia gesi kidogo itoke. Lakini mchanga una mwisho, na gesi ina mwisho. Ni sawa na mkulima anayekula mbegu. Leo ameshiba, msimu ukifika hana cha kupanda. Kwa njia hiyo hutafika Senegali.

Verne akafikiri. Gesi ikipata joto hutanuka, nalo puto likapanda. Joto likipungua gesi hujikusanya, nalo puto likashuka. Basi Daktari Fergusson anafunga chombo cha kuipasha gesi joto, na haitupi hata chembe. Moto wenyewe anaupata kwa kuyatenganisha maji kwa nguvu ya umeme. Akitaka upepo wa kwenda magharibi, anapanda au anashuka mpaka aupate, kwa kuwa pepo za juu na za chini haziendi njia moja. Wavuvi wetu wa Pwani watalielewa hilo upesi. Wao nao hawaulazimishi upepo, wanautafuta.

Niliwasimulia wenzangu habari hii katika kikundi chetu cha kusoma, kule Kisarawe. Mama mmoja anayepika chapati akaniuliza:

"Mwalimu, hiyo gesi yake inawaka?"

"Inawaka sana, mama."

"Na moto ameuweka chini yake?"

"Ndiyo."

"Huyo daktari hana akili! Mimi mtungi wangu wa gesi nauweka mbali na jiko, sembuse yeye aliyeketi chini yake!"

Watu walicheka, lakini mama yule alikuwa amegusa penyewe. Tarehe 6 Mei 1937, chombo kikubwa cha Wajerumani kilichojazwa gesi hiyohiyo, Hindenburg, kilishika moto huko Marekani kikiwa kinatua. Kiliungua chote kwa muda usiofika dakika moja, na watu 36 walikufa. Mpishi wa chapati ameona kasoro iliyomo katika kitabu cha mtu maarufu duniani. Hakuhitaji cheti. Alihitaji kusikia habari yote, na kutumia anachokijua.

SWALI LA BIBI

Sasa nifike mahali pagumu.

Nilipokuwa nasimulia puto linavyopita juu ya pwani yetu, nilieleza kama ilivyoandikwa. Watu wa chini wanalia kwa hofu na hasira. Wengine wanalipiga puto mishale, nayo haifiki. Wazungu watatu wako juu, salama, wanatazama.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote pale, alikuwa amenyamaza muda wote. Akasema, "Mwalimu, hebu ngoja. Hao waliokuwa wanapiga kelele ni nani?"

Nikamjibu, "Ni watu wa hapa, bibi. Watu wa mrima."

"Basi ni babu zetu. Walikuwa wanasema nini?"

Nikafungua kitabu. Nikatafuta mbele na nyuma. Hakuna. Kitabu kinaeleza kelele, lakini maneno hayamo. Wale watatu wa juu wanazungumza tangu mwanzo hadi mwisho. Walio chini wanapiga kelele tu.

Mzee mmoja akasema, "Kwani hao jamaa walibisha hodi? Mtu anapita juu ya paa la nyumba yangu, ananichungulia mpaka uani, hodi hajasema. Mimi nimpungie mkono?"

Watu wakacheka tena. Lakini bibi hakucheka. Akasema, "Enzi zile misafara ya watumwa ilikuwa inapita njia hii hii kwenda Bagamoyo. Mgeni usiyemjua alikuwa wa kuogopwa. Huyu tena anatokea juu! Mimi ningeshika watoto wangu nikaingia porini. Huo si ujinga. Hiyo ni akili."

Bibi alisema kweli. Hadithi imewekwa mwaka 1862. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka 11 baadaye. Mtu aliyeishi kando ya njia ya misafara wakati ule, akakiona kitu kikubwa cha ajabu kimebeba watu, alikuwa na kila sababu ya kushika upinde. Mwandishi hakuliona hilo. Aliona "washenzi" wanaoogopa kitu wasichokijua.

Tena kuna pabaya kuliko hapo. Mahali pamoja kundi la nyani linalizingira puto, na wasafiri kwa mbali wanadhani ni watu weusi. Wakigundua ni nyani, wanafanya mzaha. Mahali hapo nilipasoma kwa sauti ndogo. Sikutaka kuparuka, kwa sababu ningeparuka ningekuwa nawadanganya wenzangu juu ya kitabu chenyewe.

Yule mwandishi aliyatoa wapi mambo yake? Alipokiandika kitabu hiki hakuwa amefika Afrika. Hata kwenye puto hakuwa amepanda. Alipanda mara ya kwanza mwaka 1873, katika mji wa Amiens. Habari za nchi yetu alizipata kwenye maandishi ya wasafiri, hasa Waingereza Burton na Speke. Hao walipita Uzaramo mwaka 1857 wakienda Kaze na Ujiji, na kitabu cha Burton kilitoka mwaka 1860. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu watu weusi. Kwa hiyo dharau ya mtu mmoja ikaingia kitabuni, ikatoka humo ikaingia kitabu kingine, na kutoka hapo ikaingia vichwani mwa wasomaji wa Ulaya. Watoto wa huko walilijua jina la Uzaramo kwa njia hiyo. Na wenye Uzaramo hawakuwa na habari kwamba wamesemwa.

TUKIACHE AU TUENDELEE?

Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, kitupe kitabu hicho." Tulibishana kweli. Mwishowe bibi ndiye aliyeamua. Alisema, "Tuambie kama yule mtumishi aliyejitupa ziwani alipona."

Tukaendelea. (Alipona.)

Hapo nilijifunza jambo ambalo nataka ulishike, ndugu msomaji. Kufurahia kitabu si kukikubali chote. Unaweza kumwonea Joe huruma, ukacheka na tembo, na papo hapo ukamwambia mwandishi, "Hapa umetukosea." Kitabu hakiwezi kukukatalia. Ukila samaki hulazimiki kula na miiba, wala kwa sababu ya miiba humtupi samaki mzima.

Na kama tusingekisoma kabisa, lile swali la bibi lisingeulizwa. Anayesoma mambo aliyoyazoea tu atabaki na watu wanaomsema vizuri, au wasiomsema kabisa. Hatajua wengine wanamsimuliaje.

YALIYOBUNIWA NA YALIYOTOKEA

Watu wengi huuliza, "Lakini si ni uongo?" Ni kweli, hakuna Daktari Fergusson. Hata hivyo uongo wa namna hii una tabia ya ajabu: wakati mwingine ukweli unaufuata nyuma.

Katika hadithi, wasafiri wanaliona Ziwa Viktoria, wanaona na Mto Naili ukitoka humo. Verne alipokuwa anaandika, wakubwa wa jiografia walikuwa bado wanabishana. Speke aliliona ziwa hilo upande wa Mwanza mwaka 1858, akasema ndicho chanzo cha Naili. Burton alikataa. Speke akarudi tena, na mwezi Julai 1862 akafika mahali mto unapotoka ziwani, katika Uganda ya leo. Habari zake zilifika Ulaya mwaka 1863, kitabu cha Verne kikiwa kimeshatoka. Verne alikuwa amechagua upande, na upande wake ukawa wa kweli. Lakini watu wanaokaa kandokando ya mto huo hawakungoja kuambiwa na Speke unakotoka.

Mwaka 1962, miaka 100 baada ya tarehe zilizomo katika hadithi, Mwingereza Anthony Smith na wenzake wawili walijaza gesi puto lao, wakaliita "Jambo", wakapaa kutoka Zanzibar hadi bara. Baadaye walirusha puto juu ya mbuga za Serengeti. Siku hizi watalii hupanda maputo huko Serengeti asubuhi, wakatazama nyumbu.

Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye mtambo uliosimamishwa baharini karibu na Malindi, Kenya, roketi ilirusha setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Jina letu limekwenda angani, ndugu zangu, na wengi wetu hatukuambiwa.

Hapa kwetu nako, tangu Juni 2024 treni ya umeme inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Mtu aliyezaliwa enzi za treni ya moshi angeambiwa habari hiyo utotoni, angesema ni paukwa pakawa.

Sisemi kwamba kila kinachobuniwa kitatokea. La hasha. Nasema kwamba chombo, kabla ya kutengenezwa, lazima mtu akiote kwanza. Sasa swali ni hili: nani anaota? Katika kitabu cha Verne wanaoota wako juu ya kikapu, na sisi tuko chini.

DZOMBO NAYE APAA

Kwa hiyo nilifurahi nilipopata kitabu cha pili, hiki cha Kiswahili. Kinaitwa Walenisi. Kiliandikwa na Katama Mkangi, Mkenya, kikachapwa mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini na serikali ya wakati ule bila kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo aliyajua mambo ya hukumu.

Mtu wake anaitwa Dzombo. Watawala wa nchi yake wamemhukumu kifo. Hawamnyongi. Wanamtia ndani ya chombo cha angani wamrushe huko kusikorudika. Lakini Dzombo anakimudu chombo kile, nacho kinamfikisha nchi iitwayo Walenisi. Huko anakuta watu wanaoishi kwa usawa, hakuna mkubwa anayemla mdogo. Anashangaa kila anachokiona, kwa sababu anakilinganisha na alikotoka.

Litazame jina hilo tena. Walenisi. Litenganishe: wale ni sisi. Mwandishi ametupeleka mbali angani ili tujione wenyewe.

Wazee wetu waliohamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 watakuwa na mengi ya kumwambia Mkangi. Watamuuliza: Kazi ya shamba la pamoja iligawanywaje huko Walenisi? Mvivu alifanywa nini? Nani alishika funguo za ghala? Hayo ni maswali ya watu waliowahi kujaribu. Msomaji wa mjini aliyezaliwa juzi hana maswali hayo.

Mwisho wa Dzombo sikuambii. Kisome.

NAMNA YA KUSOMA KITABU USICHOKIZOEA

Kwa wanaotaka kujaribu, nawapa mambo matano niliyoyaona yanasaidia.

1. Kipe muda. Usikihukumu kwa ukurasa wa kwanza. Soma kurasa 20 kabla ya kusema hukipendi. Hata nguo mpya hubana siku ya kwanza.

2. Usikwame kwenye majina. Majina ya ajabu ya watu na vyombo yatakusumbua mwanzoni. Yaandike kwenye kipande cha karatasi, kisha endelea. Baada ya muda utayazoea kama ulivyozoea majina ya wakwe.

3. Tafuta jambo moja lililobuniwa. Jiulize, "Mwandishi anataka nikubali nini?" Kwa Verne ni puto lisilopoteza gesi. Kwa Mkangi ni nchi ya usawa huko angani. Mkubalie hilo moja, halafu mbane kwa mengine.

4. Hoji kwa ujuzi wako. Kama unajua moto, hoji moto. Kama unajua shamba, hoji shamba. Uliza pia, "Nani hasemi humu?" kama bibi alivyouliza.

5. Soma na wenzako. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na kila baada ya kurasa chache mnyamaze mzungumze. Asiyejua kusoma vizuri naye akaribishwe. Huenda swali la maana likatoka kwake.

Vitabu tutapata wapi? Kwa Kibaha, Shirika la Elimu Kibaha lina maktaba ya umma. Shirika hilo lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Ulaya ya kaskazini, na mwaka 1970 likakabidhiwa serikali ya Tanzania. Ulizeni pia walimu wa sekondari zilizo karibu nanyi, na vijana wenu wanaosoma. Kitabu kimoja kinaweza kuzunguka kijiji kizima kikiwa na watu waaminifu wa kukirudisha.

Sisi katika kikundi chetu tumefanya jambo moja zaidi. Juma lililofuata tuliisimulia upya safari ya lile puto, lakini safari hii tukiwa chini. Mzee wa hodi alikuwa mpiga mishale. Mama wa chapati alikuwa anatwanga mpunga, akaona kivuli kinapita juu ya kinu. Bibi alisema maneno ambayo babu zetu waliyapaza, kwa Kizaramo, na wanaokijua walicheka mpaka machozi. Kijana aliyetaka kitabu kitupwe ndiye aliyeyaandika yote kwenye daftari. Kurasa zimefika kumi na moja, na bado anaandika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wewe huwa unasoma vitabu vya namna gani? Kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya jini linaloruka katika ngano na puto la Daktari Fergusson?
3. Kwa maoni yenu, watu waliopiga puto mishale walikuwa wajinga au walikuwa na busara? Toeni sababu.
4. Mtu akiandika vibaya juu ya watu wenu, ni heri kuacha kitabu chake au kukisoma na kumjibu?
5. Kama mngebuni chombo kimoja ambacho bado hakipo, cha kuwasaidia watu wa Kisarawe au Kibaha, kingefanya kazi gani? Kingepata wapi nguvu ya kwenda? Andikeni hadithi yake, ukurasa mmoja.